Mawe ya Kushoto

Nyumbani, 2 Februari

Mwanangu,

Nakuandikia barua kwa sababu simu umezoea kuikata. Kila nikikaribia lile neno ninalotaka kulisema, ghafla mtandao wako unakuwa mbaya. Karatasi haina mtandao. Utaisoma, na hata ukiichana utakuwa umeshaisoma.

Leo nilikwenda gereji. Wewe na mdogo wako mliniambia Chura, gari langu, yuko kwa fundi anasubiri bushi za mbele. Nikasubiri. Mimi niliyeendesha basi la shule mpaka nikastaafu, mimi niliyekuwa nakaa kwenye ndoo nikiangalia basi zima likifunguliwa na kufungwa kabla ya kengele ya mchana, nikakubali kwamba bushi za gari dogo zinaweza kukaa njiani muda wote huo. Nilikubali kwa sababu waliosema ni wanangu wa kuwazaa.

Fundi aliponiona akaanza kujifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko hiyo mikono. Nikamuuliza, "Gari langu liko wapi?"

Akatazama paa. "Mama, mimi nilidhani unajua."

"Najua nini?"

"Kwamba kaka mkubwa ameliuza. Analo yule mwenye duka la dawa. Mbona hata jana alipita hapa kujaza upepo."

Nikarudi nyumbani kwa miguu, na njiani nikamwona Chura kwa macho yangu, ameegeshwa juani mbele ya duka, kijani chake kinafubaa. Yule bwana akanipungia mkono. Ananipungia mkono akiwa ameegemea boneti yangu.

Kufika nyumbani nakuta boksi kutoka kwako. Nikafungua. Mashine ya michezo ya kwenye televisheni, usukani wa plastiki, pedali mbili, na kikaratasi: "Mama, sasa utaendesha bila wasiwasi." Nimekisoma mara nyingi nikidhani nimekosea kukisoma. Umeuza gari langu, ukaniletea usukani wa mtoto.

Kazi yako ni kufunga lifti kwenye maghorofa. Umezoea kupandisha watu na kuwashusha kwa kitufe. Mimi sibonyezwi. Na kadi ya gari bado ina jina langu, na saini yangu hamjaipata. Mwenye duka la dawa na aegemee mpaka achoke.

Mama yako, ambaye akili zake bado anazo zote


Kazini, 10 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika. Nimeisoma yote, kama ulivyosema.

Mama, naomba unielewe. Sikufanya kwa ubaya. Kitinda aliniambia uligonga nguzo ya geti, na kabla ya hapo ulimgusa mtu wa baiskeli kule sokoni. Ni kweli hakuumia, lakini angeweza kuumia. Nikawaza, nikikuuliza utakataa, tutagombana, na mimi niko mbali. Ile habari ya bushi tuliisema ili usiumie ghafla. Tulitaka uzoee kidogo kidogo kukaa bila gari. Umri nao ni umri, Mama, hata wewe ulikuwa unamwambia hivyo marehemu Baba alipokuwa anataka kupanda ngazi.

Kuhusu ule mchezo, sikuutuma kama dharau. Wenzangu hapa wanaucheza na mimi nimeupenda. Unaanza na gari bovu katikati ya nyika, halina tairi wala betri. Unaingia kwenye nyumba zilizoachwa unaokoteza spea, unalifufua, unaliboresha, unaondoka kabla dhoruba ya mchanga haijakufikia. Nilipouona nilikufikiria wewe. Tena watu wawili wanaweza kusafiri kwenye gari moja, mmoja huku na mwingine huko, kila mtu na televisheni yake. Kitinda anajua kuunganisha.

Tafadhali tia saini ile kadi. Yule bwana ananipigia kila siku.

Mwanao


Nyumbani, 15 Februari

Kaka,

Hujambo. Mimi sijambo kwa juu juu tu, ndani ninachemka.

Kwanza, kwa nini umemwandikia Mama kwamba "Kitinda aliniambia"? Tulikubaliana utasema fundi ndiye aliyegundua gari limechoka. Sasa wewe uko huko juu kwenye maghorofa yako, mimi ndiye ninayekaa naye meza moja. Tangu barua yako ifike ananiita "mwandishi wa habari". Nikipita anasema, "Ngoja ninyamaze, mwandishi wa habari anapita." Wateja wangu wanasikia. Juzi mmoja aliniuliza kama nimeacha ususi.

Mimi nilikuambia naogopa. Sikukuambia uza. Kuuza uliamua wewe, na neno "bushi" ulilitunga wewe, mimi nikaitikia tu kama mjinga. Kwa hiyo ukiandika tena, andika "mimi".

Pili, lile boksi. Siku mbili za kwanza aliliweka nje chini ya bomba. Nililiingiza mimi lisinyeshewe. Jana mchana niko na mteja, kichwa nimekifikisha nusu, tukasikia injini inanguruma sebuleni. Nikaenda kuchungulia. Mama amesogeza kiti mpaka karibu na televisheni, amevua viatu, ule usukani ameufunga kwenye meza kwa mpira wa kufungia mizigo. Aliyemwunganishia ni kijana wa duka la simu. Aliona bora amlipe mtu baki kuliko kuniomba mimi.

Alikuwa anamfokea mtu wa kwenye mchezo. "Huyu kafungua redieta ya moto kwa mkono mtupu. Nani kamfundisha?" Mteja wangu akaja na nusu kichwa, akakaa. Mpaka jioni tulikuwa watu wanne pale, na nywele hakuna aliyemaliza.

Usimwambie nimekuambia. Hivi ndivyo ulivyonifikisha, naandika siri tena.

Mdogo wako, Kitinda


Nyumbani, 1 Machi

Mwanangu,

Nimesoma barua yako na nimeiacha ikae kwanza, maana ningejibu siku ileile ningeandika ya kujutia.

Unasema ulijua nikiulizwa nitakataa. Sasa kuuliza ni nini? Mtu anaulizwa kwa sababu anaweza kukataa. Kama jibu linalokubalika ni moja tu, usijisumbue kusema uliogopa ugomvi. Sema uliogopa jibu. Na habari ya baba yako na ngazi, usiniletee. Baba yako nilimwambia usoni, nikiwa nimeishika ile ngazi. Sikumdanganya kwamba imekwenda kutengenezwa.

Saini sitii.

Sasa huo mchezo wako. Nimeujaribu, ili nijue ni kitu gani mwanangu alikiona kinafaa kuwa badala ya gari langu. Nina malalamiko. Mtu anamimina mafuta injini inanguruma. Injini nzima inabadilishwa katikati ya upepo, mchanga unaruka, na gari linawaka vilevile. Tairi la trekta linakubali kwenye gari la abiria. Hao waliotengeneza hawajawahi kulala chini ya gari hata siku moja. Hata hivyo nimelifufua. Nimepata milango mitatu, taa moja na betri nzuri, na kwenye nyumba moja chini ya kitanda nilikuta kabureta. Nani anaweka kabureta chini ya kitanda?

Jingine. Jumapili nilikuwa naendesha zangu, nikageuka nikakuona umekaa kiti cha pembeni. Hukupiga hodi. Ulipoanza kuongea kwenye televisheni yangu nikazima sauti, na nitaendelea kuizima. Mtu asiyeniuliza mambo makubwa asinisemeshe madogo. Nilikuachia honi peke yake, nawe ukaifanyia fujo. Unapiga honi, unapiga honi, kama unasindikiza arusi. Ndiyo maana nilikushusha pale kwenye kituo cha mafuta. Nilikuona kwenye kioo unakimbia nyuma ya gari. Sikupunguza mwendo.

La mwisho, mchezo wenyewe ni wa wizi. Barabara nyeupe kabisa, ninaendesha taratibu, halafu jiwe linazuka. Halikuwepo, mara liko kwenye bampa. Nguzo vilevile. Hata ule ukuta wa kituo cha mafuta ulizuka. Kama ulinunua kitu kibovu, kirudishe. Nimeshapoteza taa ile na mlango mmoja kwa mawe ya uongo.

Mama yako


Kazini, 9 Machi

Kitinda mdogo wangu,

Hii isome peke yako.

Nimesafiri na Mama kwenye ule mchezo Jumapili zote hizi. Ananishusha, nami naingia tena. Ameniandikia kwamba mawe yanazuka. Kitinda, mawe hayazuki. Ninaona kila anachokiona, kwenye televisheni yangu, saa ileile. Jiwe liko pale tangu mbali, kubwa kama friji, na yeye analifuata moja kwa moja kana kwamba barabara iko wazi. Ndiyo sababu napiga honi. Anadhani namsumbua.

Na ni ya kushoto tu. Ya kulia anayakwepa vizuri kuliko mimi. Jumapili iliyopita kulikuwa na lori limeanguka upande wa kushoto, lori zima, na Mama akageuza usukani taratibu akaingia ndani yake. Halafu akakaa. Hakupiga honi wala hakurudi nyuma. Nilimwona yule mtu wake anageuza kichwa huku na huku anatafuta kilichomgonga.

Mimi nilizima mchezo siku ile nikakaa kwenye ngazi. Ile nguzo ya geti iko upande gani ukitoka? Na yule wa baiskeli?

Kwa hiyo unaona, hatukukosea kuuza. Sasa tumfikishe kwa daktari wa macho bila kumshtua. Mwambie unakwenda wewe kupimwa na unataka akusindikize. Mkifika kule daktari atajua la kufanya. Nitaongea naye mapema.

Kaka yako


Nyumbani, 16 Machi

Kaka,

Nguzo iko kushoto. Mtu wa baiskeli alitokea kushoto. Sasa umeridhika?

Nilipopata barua yako nilijaribu. Wakati wa chai nilikiweka kikombe chake mkono wa kushoto badala ya kulia. Alitafuta kikombe. Kaka, kilikuwa mbele yake kinafuka moshi, na alitafuta, halafu akanyoosha mkono kuchukua sukari akakimwaga. Akasema, "Hii meza imeinama." Nikafuta nikaenda chumba cha kusukia nikalia juu ya vitambaa vya wateja.

Lakini hiyo sentensi yako ya "hatukukosea kuuza" nimeisoma na damu ikanipanda. Ulipouza hukujua chochote kuhusu macho. Ulisema umri. Ulimwona mzee, basi. Kama angekuwa anaona kama mwewe ungeuza vilevile. Usijipe sifa ya daktari leo.

Na mimi sitamwambia anisindikize wapi wala wapi. Niliitikia uongo wa bushi nikawa mwandishi wa habari ndani ya nyumba ya mama yangu. Wa pili siutaki. Kuna kitu kinamla macho na wewe ndiye uliyekiona. Mwandikie. Tena mwandikie yeye, kwa maneno yaliyonyooka, usinipitishie mimi. Akikasirika, akasirike akijua.

Usikawie.

Kitinda


Kazini, 22 Machi

Mama,

Shikamoo.

Nina jambo moja na nitalisema lilivyo. Yale mawe ya kwenye mchezo hayazuki. Yapo tangu mbali, nayaona. Yote unayoyagonga yako kushoto. Ukuta wa kituo cha mafuta ulikuwa kushoto, lile lori lilikuwa kushoto. Honi zangu zilikuwa za kukuonya. Nadhani kuna sehemu ya kushoto huioni, na wewe mwenyewe hujui kwamba huioni.

Si suala la umri, na sisemi hivi ili utie saini. Ile kadi iache, sitaitaja tena. Nimemwambia mwenye duka la dawa asinipigie.

Nakuomba uende kwa daktari wa macho. Ukitaka, nenda na Kitinda. Ukitaka, nenda peke yako. Naogopa, Mama.

Mwanao


Nyumbani, 10 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, ile fupi. Ndiyo barua yako ya kwanza ambayo sikuhisi mtu ananizungusha.

Hasira zilinishika kwanza. Nilisema huyu sasa kaishiwa, anataka kunipofusha kwa maneno. Nikawasha ule mchezo nikaendesha polepole mpaka kwenye jiwe mojawapo, nikasimamisha gari, nikageuza kichwa changu mwenyewe, cha shingoni, kutazama ile kona ya televisheni. Lilikuwepo. Nikatazama mbele, likaondoka. Nikageuka, likarudi. Nilifanya hivyo mpaka dhoruba ikanifunika, gari likafa na spea zake zote. Asubuhi nikamwambia Kitinda avae tunatoka.

Kule kwa daktari wa macho wanakuwekesha kidevu kwenye kibao, wanaziba jicho moja, wanakupa kitufe. Kila ukiona kitaa, bonyeza. Nikabonyeza. Halafu vitaa vikaacha kuja. Nikakaa, nikakaa, nikaona aibu kwa niaba yao. Nikamwuliza yule dada wa mashine, "Mwanangu, umeme umekatika?"

Akasema, "Hapana, mama. Vinaendelea kuwaka."

Daktari anasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limebaki na tundu la katikati, na la kulia limeanza kuliwa upande wa puani, ndiyo maana kushoto kote kumekwenda. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa matone, kila jioni, mpaka mwisho. Kitinda ananitilia na mkono wake ni mzito kama wa seremala.

Nilimwuliza daktari, hii imeanza lini? Akaanza kunieleza kwamba inaingia taratibu, mtu mwenyewe hajui, kichwa kinajaza kile jicho lisichokiona. Nikamwambia, "Hilo nimelielewa. Nimeuliza lini." Nikamwambia nilikuwa naendesha basi la shule. Akaweka kalamu chini. Akasema hawezi kujua, inaweza kuwa baada ya kustaafu, inaweza kuwa kabla. Nilikaa kwenye benchi la nje nikaanza kuwapanga watoto kwenye viti vyao, yule wa dirishani, wale mapacha wa kiti cha nyuma, yule aliyekuwa anatapika kila Jumatatu. Wote niliwafikisha. Lakini kama kweli ilikuwa imeanza, basi kuna asubuhi niliwafikisha kwa kubahatisha, na mimi nikijiona dereva. Kitinda aliniletea maji, nikanawia uso. Hilo ni langu, sikuambii ili unifariji.

Jana nilikwenda duka la dawa kuchukua matone. Yule bwana akasimama mwenyewe nyuma ya kaunta. "Mama, kuhusu gari, mimi nilielezwa kwamba umekubali."

Nikamwambia, "Sikuwa nimekubali. Leo nimekubali. Lete kalamu."

Nikatia saini pale, juu ya kioo cha kaunta, nikamkabidhi na ufunguo wa akiba, maana mlikuwa hamjui kama ninao. Nikamweleza kwamba mlango wa nyuma unausukuma kwanza ndipo unauvuta, na asubuhi za baridi asimlazimishe Chura, ampe muda. Alitaka kunirudisha nyumbani kwa gari. Nilikataa. Sikutaka kupanda mle kama abiria.

Sasa mimi na wewe. Nakujua, ukifika hapa utakuwa umeshaanza kupumua, unasema yamekwisha. Hayajaisha. Siku uliyoliuza gari hukujua habari ya jicho. Ulipatia kwa bahati, na bahati ile huwezi kuja kunidai heshima kwayo. Macho yangu yamenifanya nisione kushoto. Ninyi mlinifanya nisionekane kabisa, ndani ya nyumba yangu, mezani kwangu, mkinipa mboga huku mnanidanganya kuhusu bushi. Kwa jicho napewa matone. Hilo lenu daktari hana dawa yake.

Kwenye ule mchezo nimehama kiti. Utaendesha wewe, mimi nitaingia kwenye nyumba kuokoteza, maana wewe unaokota kila takataka na buti linajaa vioo. Sauti nimeifungulia. Nikisema simama, unasimama.

Na ukipata likizo, uje. Usije na boksi. Utanikuta nimekaa sebuleni, Kitinda atakuwepo, na utaketi mbele yangu upande wa kulia nikuone vizuri. Halafu utaniomba, kwa mdomo wako: "Mama, naomba uache kuendesha." Usiniambie gari limeshaondoka, saini imeshatiwa, jambo limepita. Najua limepita, nimelipitisha mimi. Utaniomba vilevile, kama ulivyotakiwa kuniomba, na mimi nitafikiri muda wangu wote ninaoutaka, na wewe utasubiri.

Nitakujibu siku hiyo.

Mama yako